Kuhesabiwa Bandarini



Maongezi yetu ya leo ni juu ya bandari, siku ile ambayo meli kubwa za abiria zinaondoka pamoja na watu wamejaa tele. Huenda mmoja wenu akauliza, jambo hilo latuhusu nini sisi tulio mbali na bahari? Latuhusu. Siku hizi wako wazee wetu wanaoalikwa na watoto wao walioko Marekani, na wakiisha kufika mtoto husema, "Mama, nimekukatia tiketi, tutazunguka baharini siku saba." Wako pia vijana wetu waendao kufanya kazi katika meli hizo hizo, jikoni, mezani na vyumbani. Basi mama ambaye bahari ameijua kwa picha hujikuta amesimama kwenye gati, mkoba kifuani, katikati ya watu ambao hajapata kuona wingi wao hata siku ya maonyesho ya kilimo.

Na tuitwae bandari ya Miami, katika jimbo la Florida, maana ni mojawapo ya zile zenye abiria wengi kabisa duniani. Katika mwaka wake wa hesabu wa 2024 abiria waliopita hapo walizidi 8,000,000. Bandari yenyewe ni kisiwa kilichofanyizwa na watu, kwa mchanga na matope yaliyochimbwa baharini. Magari huingia kwa njia mbili tu: daraja litokalo katikati ya mji, na barabara ipitayo chini ya maji, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 2014. Meli moja kati ya zinazotoka hapo, Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, yaweza kuchukua abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Hao ni karibu watu 10,000 katika chombo kimoja. Sasa fikirini. Meli hurudi alfajiri ikashusha maelfu ya watu na masanduku yao, na jioni ya siku hiyo hiyo huondoka na maelfu wengine. Katikati ya saa hizo chache vyumba vyote vyapaswa kufagiliwa, mashuka kubadilishwa, na malori ya chakula kupakuliwa. Nayo si peke yake gatini. Siku za Jumamosi na Jumapili zaweza kuwa meli tano, sita au zaidi, zimepangana kama magari ya abiria kwenye stendi.

Wanaotoka na wanaoingia hukutana barabarani, na hapo ndipo matata huanza. Sisi huku tumezoea kwamba awahiye ndiye apataye kiti. Kule sivyo. Kitanda chako kina namba, na hakuna awezaye kukikalia kabla yako. Kila abiria hupewa saa yake ya kufika, na afikaye saa tatu asubuhi ilhali ameandikiwa saa saba mchana hana alipatalo ila kusimama juani na kuwazibia njia wenzake. Bali pia asichelewe. Sheria ya Marekani yataka orodha ya abiria ipelekwe serikalini si chini ya dakika 60 kabla ya meli kuondoka, na kwa hiyo mlango hufungwa mapema, hata kama meli ingali imefungwa kamba mbele ya macho yako. Kulia mlangoni hakusaidii, kwa maana jina likiisha kukosekana katika orodha ile, yule karani hana uwezo wa kuliandika. Ndiyo sababu wenye busara hufika katika mji huo jana yake, wakalala huko. Ndege ikichelewa asubuhi ya safari, meli haitaingoja.

Yako na mambo madogo ambayo huwasumbua watu kuliko yaliyo makubwa. Kila meli ina jumba lake, na majumba hayo yana majina ya herufi. Dereva wa teksi atauliza, "Meli gani?" na ukimjibu, "Ile kubwa," hujamsaidia, maana zote ni kubwa. Tena uko mji mwingine, Fort Lauderdale, wenye bandari yake iitwayo Port Everglades, mwendo wa kilomita kama 40 kuelekea kaskazini. Kila mwaka wako watu wafikao bandari moja wakati meli yao iko kwenye nyingine. Basi jina la bandari, jina la meli na herufi ya jumba viandikwe kwenye karatasi, na karatasi ikae mfukoni mwa mzee mwenyewe. Isikae katika simu ya kijana peke yake, maana kijana aweza kupotea katika umati ule, na simu yaweza kuzimika.

Kisha mizigo. Ukishuka garini, wapagazi hupokea masanduku makubwa, yakiwa yamefungwa vipande vya karatasi vyenye jina lako na namba ya chumba, nawe hutayaona tena mpaka yafike mlangoni pa chumba chako, pengine usiku. Twawasihi, pasi ya kusafiria isiwe ndani ya sanduku hilo. Wala dawa ya presha, wala ya sukari, wala miwani. Hivyo vyote viwe katika mkoba wa mkononi. Mtu aliyefika mezani kwa karani, pasi yake imeshapita kwa mpagazi na iko katika rundo la masanduku elfu kadhaa, huwa na mchana mrefu sana. Na kwa mzee ambaye miguu yake haina nguvu, si aibu kuomba kiti cha magurudumu. Viko, na mtoto yafaa aagize mapema, siku nyingi kabla ya safari. Foleni ile hujipindapinda ndani ya jumba, na yaweza kumchosha hata kijana.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo watu hulalamikia kuliko yote. Ndani ya jumba lile mtu huhesabiwa. Aonyesha pasi. Mkoba wake wapita katika mashine. Apigwa picha ya uso. Apewa kadi, na kadi ile husomwa apandapo meli, tena kila ashukapo, tena kila arudipo. Wengi hunung'unika, "Mbona twafanywa kama wafungwa?" Sisi twaona kwamba anayenung'unika hivyo hajasikia habari za maji yetu wenyewe.

Tukumbuke tarehe 21 Mei 1996. Siku hiyo meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa katika orodha. Wale wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo, hawakuandikwa. Mpaka leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani, na hesabu zitajwazo hutofautiana kwa mamia. Mamia, ndugu zetu! Wako akina mama waliojua tu kwamba mtoto alisema anakwenda Mwanza. Na kwetu Kenya, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka hapo Mombasa ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272. Wenyeji wa Likoni wajua mpaka leo jinsi umati usukumavyo asubuhi, kila mtu akitaka kuingia kwa feri hii hii, asingoje ya pili.

Mkono wa yule karani mwenye mashine, uchoshao hivyo, ndio usemao kwamba fulani amepanda na fulani hajapanda. Mwenye tiketi ya chumba cha bei kubwa na mwenye tiketi ya chumba kisicho na dirisha, wote wawili husomwa kadi sawasawa. Daraja la tatu lisiloandikwa halipo tena hapo.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 27, iko safari ambayo mwandishi wake asema "sisi", kwa maana naye alikuwamo. Paulo alipelekwa Rumi akiwa mfungwa. Walipofika Mira, yule akida akaona merikebu ya Iskanderia iendayo Italia, akawapandisha humo. Baadaye tufani ikawapiga siku nyingi. Na katikati ya tufani hiyo, usiku ukikaribia kucha, watu wakila chakula kwa mara ya kwanza baada ya siku 14, mwandishi anataja hesabu: walikuwa watu 276. Twastaajabu kwamba ameitaja hapo, wala si bandarini. Humo mlikuwa na askari, mabaharia, wafungwa na mwenye merikebu, na wote wamo katika hesabu moja. Merikebu ilivunjika, lakini watu wote wakafika pwani salama, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Lakini kabla ya hapo mabaharia walikuwa wamejaribu kushusha mashua kwa siri na kukimbia, wawaache wengine. Mambo ya melini hayajabadilika sana.

Twasema hivyo kwa sababu ya tarehe 13 Januari 2012. Meli ya Costa Concordia iliondoka bandari ya Civitavecchia, Italia, jioni hiyo, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo, na hawakuwa bado wamefundishwa waende wapi hatari ikitokea, maana sheria ya wakati ule iliruhusu zoezi hilo lifanywe ndani ya saa 24. Saa chache tu baada ya kuondoka meli iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa, na nahodha alikuwa ametoka melini wakati abiria wengine wangali ndani. Kwa siku kadhaa hesabu ya waliokosekana ilikuwa ikibadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria ya mataifa yataka abiria wapya wafanye zoezi hilo kabla meli haijaondoka, au mara tu iondokapo.

Basi mama yetu akiisha kupanda, amechoka, ameona chakula kimeandaliwa na muziki unapigwa, atasikia wakitangaza zoezi. Katika meli nyingi siku hizi abiria hutazama mafundisho kwa simu au kwa televisheni ya chumbani, kisha huenda mwenyewe mahali pake pa kukusanyikia, kadi yake ikasomwa. Kazi yote ni ya dakika chache. Wako wanaosema, "Nitakwenda baadaye." Mama asiseme hivyo. Aende kwa miguu yake, aihesabu ngazi, aone mlango uko wapi, akumbuke herufi au namba ya mahali pale. Asikilize mlio: honi fupi saba, kisha moja ndefu. Aulize jaketi la kujiokolea liko wapi, na kama hajui kulivaa aombe aonyeshwe tena. Mabaharia hawachoki kuulizwa, na pengine atakayemwonyesha ni kijana aliyetoka Kisumu au Machakos, naye atafurahi mno kuitwa mwanangu.

Na ikiwa mtu mmoja hajafika mahali pake, wafanyakazi watajua. Namba ya chumba chake itatangazwa katika meli nzima, mara ya kwanza na mara ya pili. Asipoitika, watamfuata chumbani na kubisha mlango.

Wapendwa, muda wetu umekwisha. Wenye watoto melini, na wenye safari mbele yao, twawakumbuka katika maombi. Mungu akipenda, tutakutana tena juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.