Gari Linalosujudu

Juzi mpwa wangu alinitembelea akiwa na simu mkononi, akanionyesha picha ya gari dogo la umeme, mtumba wa kutoka Japani. Akaniambia, "Mjomba, nataka kuuza kipande changu cha kibanja nilinunue hili." Nilinyamaza kidogo. Si kwamba gari lilikuwa baya. Nilinyamaza kwa sababu nami niliwahi kununua gari kwa macho, na leo nimeona nieleze habari hiyo hadharani, kwa vile wengi walioniona nikipita nalo walidhani nilikuwa nakula maisha.

Gari langu lilikuwa Toyota Altezza. Wasikilizaji vijana wanalijua. Toyota walianza kuliuza Japani mwaka 1998, wakaacha mwaka 2005, na mwanzoni lilichaguliwa kuwa gari la mwaka kule kwao. Injini yake ni ya lita mbili, na la kwangu lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mtu akikanyaga mafuta anasikia mgongo unabanwa kwenye kiti. Nililinunua mwaka 2013. Nakiri kwamba lilikuwa gari tamu. Mtu asiyewahi kuendesha gari la namna ile asubuhi kwenye lami ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, ziwa likiwa upande wa kushoto na migomba kulia, asinicheke.

Ubaya ulianza na mapambo. Mengine lilikuja nayo. Aliyelinunua likiwa jipya kule Japani alikuwa amelipia mtambo wa kuonyesha ramani, na mtambo huo ulizungumza Kijapani tu na kuijua Japani tu. Nikiwa Kagondo, wenyewe uliamini niko katikati ya bahari. Redio nayo ilikuwa ya masafa ya kwao, yanayoanzia 76 na kuishia 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Kwa hiyo, wasikilizaji, mimi ninayesema nanyi redioni kila wiki sikuweza kuisikia sauti yangu mwenyewe garini, mpaka fundi aliponifungia kifaa cha kubadilisha masafa.

Hayo niliyakuta. Ya kujutia ni yale niliyoyaongeza kwa hiari yangu na kwa fedha zangu. Nilifunga rimu za inchi 18 zenye matairi membamba kama mkate wa boflo uliokatwa. Nilifunga spoila nyuma, ekzosi ya kunguruma, na taa za buluu chini ya gari. Kisha nikamwambia fundi akate springi ili gari lilale chini. Jumla nilitumia shilingi 2,600,000. Taa zile za buluu zilinifaa usiku mmoja tu, mwezi wa Novemba, senene waliposhuka wakazifuata, watoto wa jirani wakajaza ndoo mbili. Asubuhi betri ilikuwa imekufa.

Mama yangu alipoliona mara ya kwanza alilizunguka polepole, akaniuliza kwa upole, "Waitu, mbona gari lako linasujudu?" Nilicheka. Nilimwambia ndiyo mtindo.

Mwaka 2016, wakati wa masika, nilipigiwa simu usiku kwamba mama ameshikwa na homa kali na hawezi kusimama. Nikatoka Bukoba mbio. Kwenye lami sikuwa na tatizo. Lakini kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwetu ni njia ya udongo mwekundu, na mvua za Bukoba na Muleba mnazijua wenyewe. Nilifika nyumbani kwa shida, nikampakia mama kiti cha nyuma ili nimpeleke hospitali ya Rubya, ambayo kutoka kwetu si mbali. Hatukufika hata nusu ya njia. Katikati ya tope palikuwa na jiwe ambalo kila mtu wa kijijini analijua, nami nimelikanyaga kwa miguu tangu utoto. Gari likalipanda kwa tumbo. Nilisikia mlio mmoja tu, kisha harufu ya oili. Sampu ilikuwa imepasuka.

Mama alimaliza safari mbele kwenye pikapu ya jirani anayebeba ndizi, mimi nikiwa nyuma, nimekaa juu ya mikungu, mvua ikininyeshea. Alitibiwa, akapona, na yupo hadi leo. Lakini ile nusu saa ya kusubiri pikapu, nikimshika mkono ndani ya gari la mamilioni lisiloweza kuvuka jiwe, sijaisahau.

Baadaye nilikumbuka jambo ambalo wazee waliofuatilia mashindano ya Safari wanalijua. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, mshindi alikuwa Datsun 240Z, gari la michezo hasa, la milango miwili. Mara ile ya pili dereva wake alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka. Lilipitaje kwenye tope letu? Waliliinua badala ya kulishusha, na chini ya injini wakafunga bamba la chuma. Kwa barabara zetu kulikuwa na nyongeza moja tu ya maana, bamba lisiloonekana na mtu, nami nikanunua taa za buluu.

Mwaka 2017 nililiuza. Mnunuzi hakuongeza hata senti kwa ajili ya rimu wala spoila. Aliniuliza swali moja, "Springi zake za kwanza ziko wapi?" Nilizikata mwenyewe! Akapunguza bei.

Sasa turudi kwa mpwa wangu na umeme wake. Sikumkatalia. Tulikaa chini tukapiga hesabu. Kutoka Bukoba hadi Muleba na kurudi ni kama kilometa 140. Altezza yangu ilikuwa ikila kama lita 14, na tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 42,000. Gari la umeme kama Nissan Leaf huenda kama kilometa sita kwa uniti moja, yaani uniti 23 au 24. Kwa Luku ya shilingi 10,000 tunayopata uniti kama 28, safari nzima haifiki shilingi 9,000. Halafu ukiteremka mlima wa Kamachumu, mota inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Hapo kijana alitabasamu akidhani ameshinda.

Nikamwomba anionyeshe tena ile picha. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, zina betri ya uniti 24 zikiwa mpya. Kwa hiyo hata likiwa jipya lingerudi Bukoba likiwa linahema. Betri hiyo haina mtambo wa kuipoza, na huchoka kwa miaka. Kwenye dashibodi kuna vistari 12 vinavyoonyesha afya yake. Katika picha ya mpwa wangu vilikuwa vimebaki nane. Muuzaji alikuwa amepiga picha sita za rimu, na moja tu ya dashibodi, tena ya mbali. Na betri yenyewe imelala sakafuni, chini kabisa, mahali pale pale lilipo lile jiwe letu.

Kuchaji nyumbani huchukua kama saa nane. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na Muleba umetoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka, nasi tunazijua siku zake za kukatika. Nilimwuliza: umeme ukikatika usiku, na bibi yako akaugua alfajiri, utafanyaje?

Alifikiri, akaniambia, "Mjomba, basi nitauza kahawa ya msimu huu, ninunue pikipiki ya umeme kwanza. Kibanja nikiache." Nikamwambia hilo tunaweza kulizungumza. Tulipokwenda kumweleza bibi yake, alisikiliza yote, kisha akauliza kama hiyo ya umeme nayo inasujudu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.