Mwanafunzi Amjibu Mwandishi: Kusoma na Kutunga katika Somo la Kiingereza

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari



Nimeombwa nizungumzie usomaji wa vitabu na utungaji katika somo la Kiingereza, nami nikaomba ruhusa niwasilishe kwa Kiswahili. Sababu yangu ni nyepesi. Tukikaa ofisini na rundo la insha mbele yetu, huwa tunaguna kwa Kiswahili. Leo tuzungumze kwa lugha hiyo hiyo tunayogunia.

Nianze na swali la mwanafunzi. Ilikuwa Kidato cha Pili, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumemaliza Hawa the Bus Driver, kile kitabu chembamba cha Richard Mabala ambacho wengi wetu humu tulikisoma tukiwa na umri wa wanafunzi wetu. Siku hiyo sikuandika ubaoni maswali ya kawaida. Niliwaambia: wewe ni abiria wa Hawa. Umekaa wapi, umebeba nini, unakwenda wapi? Andika ukurasa mmoja. Kijana wa dawati la nyuma, ambaye insha zake zilikuwa hazijawahi kuvuka alama 5 kati ya 20, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina gunia la mkaa. Naweza kumfanya Hawa akatae kunipakia? Inaruhusiwa?"

Nitarudi kwa kijana huyu. Kwa sasa tulishike neno lake la mwisho, maana mada yangu yote imo humo. Ninachodai mbele yenu ni kwamba mwanafunzi hujifunza kutunga anaporuhusiwa kumjibu mwandishi aliyemsoma. Sisi tumemzoesha kumjibu mtahini.

1. Kitabu kinavyosomwa sasa

Wengi wa wanafunzi wetu wanamaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe, limegeuka Kiingereza. Wakifika Kidato cha Tatu na cha Nne wanakabidhiwa vitabu teule: Passed Like a Shadow, Unanswered Cries, The Lion and the Jewel, The Black Hermit, Song of Lawino na vinginevyo. Ni vitabu vizuri. Tatizo ni njia vinavyopitia hadi kumfikia mtoto.

Sote tunaijua njia hiyo. Nakala ni chache. Mwalimu anasimulia kisa kwa Kiswahili ili muda utoshe, halafu anasomesha imla: dhamira, wahusika, mandhari, ujumbe. Anayekosa kipindi anadesa kwa mwenzake. Mwisho wa muhula mwanafunzi anaweza kuorodhesha dhamira sita za Unanswered Cries bila kuwahi kufungua ukurasa wake wa kwanza. Na kwa kuwa swali la mtihani huja kwa sura inayotabirika, anafaulu. Hapo ndipo penye hatari, maana kufaulu kwake kunatuambia kwamba njia ni sahihi.

Utungaji nao umepata ugonjwa huo huo. Wakati mmoja nilisahihisha insha za safari, nikashangaa karibu darasa zima lilipanda basi lililoharibika Chalinze. Nikauliza. Kumbe insha ya mfano niliyoitoa mwaka uliotangulia ilikuwa na basi lililoharibika Chalinze, na daftari lile lilikuwa limerithiwa kutoka kwa kaka zao. Jua liliwaka, ndege waliimba, basi likazima. Hakuna hata mmoja aliyeandika safari yake mwenyewe, ingawa nusu yao huja shuleni kila siku kwa daladala wakiwa wamesimama.

2. Vitabu vyenyewe vilikuwa kazi za wanafunzi

Kuna jambo ambalo nadra tunawaambia wanafunzi wetu. The Black Hermit, mchezo wanaoukariri kwa ajili ya mtihani, uliandikwa na mwanafunzi. Ngugi wa Thiong'o alikuwa bado anasoma Makerere mchezo huo ulipooneshwa kwenye Jumba la Taifa la Maonesho, Kampala, Novemba 1962, Uganda ikisherehekea uhuru. Kabla ya hapo alikuwa akiandika hadithi fupi kwenye Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza ya chuo. Mwezi Juni mwaka huo huo waandishi wa Afrika walipokutana Makerere, kijana huyu alimpa Chinua Achebe mswada wa riwaya yake ausome. Riwaya hiyo ikachapishwa mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child.

Achebe naye alikuwa na kisa chake, na alikisimulia mwenyewe uzeeni. Akiwa mwanafunzi Ibadan, idara ya Kiingereza ilitangaza zawadi ya hadithi fupi. Zawadi haikutolewa kwa yeyote. Hadithi yake ilitajwa kuwa na jambo, ila imekosa umbo. Akamwendea mhadhiri wake amfundishe hilo umbo. Mhadhiri akaahidi, siku zikapita, ahadi ikasogezwa. Mwishowe akamwambia kwamba ameisoma tena ile hadithi na haoni kasoro yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1958, kijana aliyekosa umbo akachapisha Things Fall Apart, ambayo Waswahili tuliipata mwaka 1973 kwa jina la Hamkani si Shwari Tena.

Sisemi kwamba kila dawati letu lina Achebe. Ila mwalimu anayeshika kalamu nyekundu akikumbuka kisa hiki, mkono wake huwa mwepesi kidogo.

3. Kujibu ni jadi yetu

Wengine watasema kwamba utungaji wa namna hii ni mambo ya shule za Ulaya. Jamani! Pwani hii imeishi kwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana beti mwanzoni mwa karne ya 19, vita vikipiganwa kwa silaha na kwa vina. Kurasa za mashairi za magazeti yetu zimejaa malumbano: mmoja anauliza, mwingine anamjibu kwa vina na mizani ile ile, wa tatu anawasuluhisha. Mathias Mnyampala alipotunga Ngonjera za UKUTA, zilizochapishwa mwaka 1970, majibizano yaliingia shuleni, na hadi leo watoto wa msingi wanazighani mbele ya mgeni rasmi.

Hata katika vitabu teule kuna malumbano. Okot p'Bitek alimpa Lawino ulimi kwanza kwa Kiacholi, akautafsiri wimbo huo mwenyewe na kuuchapisha kwa Kiingereza mwaka 1966. Mwaka 1970 akamruhusu mume ajibu katika Song of Ocol. Lakini Clementine, yule mwanamke wa mjini ambaye Lawino anamsema tangu poda hadi nywele, hakupewa nafasi ya kusema chochote. Nafasi yake iko wazi. Kwa nini asiijaze binti wa Kidato cha Nne?

4. Kilichompata mwenye gunia

Nilimjibu yule kijana kwamba inaruhusiwa. Aliinama akaandika mistari mitatu, akaja mezani. Alitaka kujua Kiingereza cha konda. Akarudi kuuliza chenji. Akarudi tena: kubanana. Kabla ya kengele alikuwa amekuja mara tisa, naye ni mtoto ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuniuliza neno. Hapo nikaelewa kitu ambacho vyuo vilinifundisha kwa maneno mengi bila kuniingia: msamiati haumkai mtoto mpaka awe na shida nao.

Neno la tisa lilikuwa mpiga debe. Nilikuna kichwa. Nikamwambia sina neno moja la Kiingereza la mtu huyo. Itabidi umweleze ni nani na anafanya nini. Akarudi kwenye dawati lake na kuandika sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuandika: mtu anayesimama kituoni akipaza sauti kuita abiria wa basi ambalo si lake, kisha akalipwa sarafu na konda, na basi likaondoka bila yeye.

Sitawadanganya. Nyakati zake zilichanganyika, wakati uliopo ukaingia uliopita kama mbuzi shambani. Nilimpa 9. Lakini ile sentensi ya mpiga debe haikutoka kwenye daftari la kaka yake.

5. Namna ya kufanya darasani

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti, kinahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, na daftari moja.

Daftari hilo tuliite daftari la kujibu. Ukurasa wa kushoto mwanafunzi anaandika alichokutana nacho kitabuni: tendo, kauli ya mhusika kwa muhtasari, au jambo lililomkera. Wa kulia anaandika lake. Ukurasa wa kulia unaweza kuanza kwa Kiswahili, ukipenda hata kwa Kisukuma au Kihehe, maana hapo ni mahali pa kufikiria. Rasimu ya pili ndiyo inayokwenda Kiingereza.

Zoezi lizaliwe na nafasi iliyoachwa wazi kitabuni. Nimekwisha kumtaja Clementine. Katika The Black Hermit, Thoni, mjane aliyeozwa kwa Remi, ndugu wa marehemu mumewe, anangoja kijijini wakati Remi yuko mjini. Mwanafunzi aandike barua ambayo Thoni hakuituma. Katika The Lion and the Jewel yuko Lakunle, mwalimu mwenzetu, anayekataa kumlipia Sidi mahari huku akimmwagia maneno ya vitabuni. Mama wa Sidi angemwambia nini akimkuta kisimani? Wanafunzi wa Bagamoyo na wa Tarime watamjibu Lakunle tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo fasihi.

Ili mama amjibu Lakunle sawasawa, mwanafunzi lazima ajue Lakunle alisema nini. Atarudi kitabuni bila kufukuzwa. Na akiisha kuandika mhusika wake, swali la mtihani kuhusu wahusika halitamtisha, kwa kuwa amekwisha kukaa ndani ya mmoja wao.

6. Kusahihisha

Naomba tusahihishe mara mbili. Mara ya kwanza tusome bila kalamu, kama msomaji, na chini tuandike swali moja la kweli: je, mkaa ule ulifika? Mara ya pili tuchague kosa la aina moja tu, tuseme nyakati, tulifuatilie insha nzima. Insha iliyotapakaa wino mwekundu haifundishi kitu. Mtoto anaangalia alama, anaifunga.

Tena tutofautishe kosa na mtindo. Mtoto akitafsiri methali ya bibi yake neno kwa neno, wengi wetu tunapiga mstari. Achebe alizijaza riwaya zake methali za Kiigbo zikiwa zimevaa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya mwaka 2021, ameacha maneno ya Kiswahili yakae ndani ya Kiingereza chake kama wenyeji wa nyumba. Kabla ya kukata, tumuulize mtoto: ulikusudia? Akisema ndiyo na akaweza kueleza, tumwachie.

7. Vikwazo

Mtasema darasa lina wanafunzi 70. Ni kweli. Basi zisisahihishwe zote. Wasomeane wakiwa wanne wanne, nawe uchukue kumi kila wiki kwa zamu. Mtasema nakala hazitoshi. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti na mtu anayejua kusoma kinatosha watu 70. Bibi zetu hawakuwa na hata nakala moja.

Mtasema pia kwamba shule inakataza Kiswahili. Hapa nitasema wazi. Katika shule niliyosoma mimi, aliyekutwa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni hadi amkamate mwingine. Tulijifunza kuvizia na tulijifunza kunyamaza. Kiingereza hatukukijifunza kwa kibao kile. Mtoto aliyefundishwa kunyamaza hawezi siku ya mtihani kuambiwa atunge.

8. Mapendekezo

Kwanza, kila azimio la kazi litenge vipindi viwili kwa mwezi vya kujibu kitabu. Pili, insha za mfano zisirithishwe. Mwalimu aandike yake mpya mbele ya darasa, akikosea na kufuta, wanafunzi waone. Tatu, mwisho wa muhula kazi bora zibandikwe ubao wa matangazo, nyingine zisomwe paredi. Nne, mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wakae pamoja angalau mara moja kwa muhula, kwani mtoto wanayemfundisha kutunga ni mmoja.

Ndugu mwenyekiti, nilipaswa kufungia hapa na kukaribisha maswali, lakini naomba dakika 15 za ziada. Mbele ya kila mmoja wenu nimeweka karatasi moja nyeupe. Hawa amewasha gari, wewe uko kituoni, na umebeba kitu. Andika kwa Kiingereza umebeba nini, na kama amekupakia au amekuacha. Kalamu nyekundu zibaki mfukoni. Na anayetaka kuniuliza kama inaruhusiwa, ndiyo, inaruhusiwa.