Mombasa Kabla ya Nairobi

(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Nuu, Kitui)



Mtu wa Nuu akisema anakwenda mjini, gari lake huelekea Mwingi, na kutoka Mwingi barabara humpeleka Thika na Nairobi. Basi si ajabu kijana aliyezaliwa chini ya vilima vya Nuu kudhani kwamba mji ni Nairobi, na mingine yote ni vituo vya njiani. Hata hesabu ya watu ya mwaka 2019 yamuunga mkono: Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya 4,000,000, na Mombasa 1,200,000 hivi. Lakini babu zake hawakuujua mji wa Nairobi, kwa kuwa haukuwapo. Mji walioujua, tena wakaufikia kwa miguu yao wenyewe, ulikuwa Mombasa.

Yafaa kukumbuka safari ile ilivyokuwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara kati ya bara na pwani. Wawindaji waliwaua ndovu kwa mishale ya sumu, pembe zikakusanywa, na misafara ya mamia ya watu ikavuka nyika kavu mpaka Rabai, nyuma ya Mombasa. Waliporudi walichukua nguo, ushanga, chumvi na nyaya za shaba. Kivui Mwendwa wa Kitui alikuwa mkuu wa misafara ya namna hiyo, na jina lake lilijulikana pwani. Ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf. Na tarehe 3 Desemba 1849, kutoka Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake, habari ambayo wataalamu wa Ulaya walikataa kuisadiki. Kivui aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana mwaka 1851. Wakamba wengine hawakurudi tena bara, wakajenga karibu na Rabai.

Na mji waliouendea haukuwa mchanga hata wakati huo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, chakula chao ni ndizi na samaki, na misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi mwingi. Wareno wakaja, wakauchoma mji mwaka 1505, kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome kubwa ya mawe juu ya mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa bandari. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu, na njaa na maradhi yakawamaliza waliokuwa ndani zaidi kuliko mizinga. Tangu 1895 hata 1958 ngome hiyo ilikuwa jela. Leo ni jumba la makumbusho, na watu wa mji huiita Ngomeni.

Nairobi ni mtoto wa reli. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na vyuma vikafika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, mahali pa majani, maji baridi na matope. Mwaka 1905 makao ya Serikali yakahamishwa huko kutoka Mombasa. Mama akamzaa mtoto, mtoto akachukua kiti.

Lakini kiti si mji. Aingiaye Mji wa Kale asubuhi, kabla jua halijawa kali, ataona njia nyembamba ambamo watu wawili na mkokoteni hupishana kwa taabu. Wembamba huo una faida yake, kwa maana nyumba hutiliana kivuli mchana kutwa. Milango mingi imechongwa maua na mizabibu, na juu yake hutokeza roshani za mbao ambamo wenye nyumba hupunga upepo wa bahari. Muuza kahawa hupita akigonga vikombe vyake. Huko ndiko alikoishi Muyaka bin Haji, mshairi ambaye beti zake zilikwenda vinywani mwa watu kabla hazijaandikwa kitabuni. Karibu yapo Bandari ya Kale, ambamo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliingia kwa kaskazi na kurudi kwa kusi na boriti za mikoko. Siku hizi ni machache, kwa kuwa meli kubwa huenda Kilindini.

Uzuri huo hauna hakika ya kudumu. Chumvi ya bahari hula chokaa, paa lisipotengenezwa mvua hula boriti, na nyumba moja yaweza kuwa na warithi ishirini wasiopatana nani atoe fedha. Mwenye nyumba masikini hawezi kulaumiwa akitamani kubomoa na kujenga ghorofa za kupangisha. Sheria ya hifadhi ipo, lakini sheria hainunui chokaa.

Katika barabara kuu ya mji mpya zimesimama pembe kubwa nne za ndovu, zikipindana juu ya magari. Ni za alumini tu, ziliwekwa miaka ya 1950, na wageni hupigwa picha chini yake. Mtu wa Kitui ana haki ya kuzitazama kwa namna nyingine, akijua ni mabega ya nani yaliyobeba zile za kweli.

Wala Wakamba hawajaondoka. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga vinyago kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawafundisha watu wake. Na mwaka 1963 wachongaji wakaunda chama cha ushirika cha Akamba huko Changamwe, Mombasa. Atokaye Nuu atasikia pale lugha ya nyumbani kwao. Na siku hizi barabara ya lami yatoka Kitui, yapita Mutomo mpaka Kibwezi, na hapo yaungana na njia kuu ya pwani, bila msafiri kukanyaga Nairobi.