Ni nani afungue stetimenti ya mama?

Wengi mmeomba maneno niliyosema juzi Machakos. Haya hapa, karibu yote.

Mama zangu, ndugu zangu, hamjambo. Mjadala wa pesa za simu ukianza, lazima mtu asimame aseme: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Watu hupiga makofi. Leo naomba msipige bado.

Chukua mama mmoja, mweka hazina wa chama. Wako 30, na kila wiki kila mmoja anatoa mia tano. Hiyo ni 15,000 kwa wiki. Mwaka ukiisha, 780,000 zimepitia simu yake. Zake ni zipi hapo? Lakini anayetafuta kodi akiangalia, anaona mapato. Na sheria yetu ya kodi inasema mlipaji ndiye wa kuthibitisha kwamba makadirio ya KRA yamekosea. Sasa huyo mama, na daftari lake lililomwagikiwa chai, aanze kueleza.

Sitishi watu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka KRA ikitafuta kodi isizuiwe na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mswada wote ukaanguka Juni ile mnayoikumbuka. 2025 wakaja na mlango mwingine: kufuta kifungu kinachokataza KRA kulazimisha kampuni kutoa data za kibinafsi za wateja. Bunge likakataa. Mara mbili kwa miaka miwili, na mimi sidhani wamechoka.

Lakini tusidanganyane. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kila shilingi inaacha alama, na hiyo alama imetufaa. Ukituma kwa namba isiyo yako, ndiyo ushahidi wako. Aliyekula pesa za bursari, ndiyo itamshika. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF kwa ulegevu wa kupambana na pesa chafu. Anayesema serikali isione chochote kabisa anamtetea mwizi bila kujua. (Ajabu ni kwamba pesa za kampeni huja kwa noti, ndani ya begi. Begi halina stetimenti.)

Kwa hivyo alama ipo, haiendi popote. Tunabishania ufunguo. Wakimshuku mtu, waende kwa hakimu, wamtaje, waseme sababu. Hiyo naikubali. Kufungua za watu wote halafu ndio utafute mwenye kosa, hapana. Stetimenti yako inajua kliniki unayoenda, inajua wakili wako, inajua mtoto unayemlipia karo ambaye nyumbani hawamjui. Inajua ulichangia matibabu ya nani baada ya maandamano. Kifungu cha 31 cha Katiba kiliandikwa kwa mambo kama haya.

Na kuna hii shilingi ya kidijitali. Benki Kuu iliomba maoni Februari 2022, kisha 2023 ikasema si jambo la haraka. Ikija siku moja, daftari litakuwa karibu zaidi na serikali kuliko la M-Pesa. Afadhali tuulize sasa.

Mgombea akija hapa sokoni kuomba kura, muulizeni: hakimu atahusika? Nitaambiwa kwamba stetimenti yangu imefunguliwa? Afisa akiiuza, atafungwa? Akiwajibu "kama huna cha kuficha", mwambieni kwa heshima aanze yeye, atoe yake ya miezi sita.