Watu 276 Katika Merikebu Moja

Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 27 na mwanzo wa sura ya 28

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini hatukusikika katika kipindi hiki kwa majuma mawili. Tulikuwa safarini. Watoto wetu walio Uingereza walichanga fedha kidogo kidogo wakatulipia safari ya juma moja katika Bahari ya Mediterania, kwa meli ya watalii, kwa kuwa sisi wazazi wao tumetimiza miaka 40 ya ndoa. Tulipopata habari hiyo tulinyamaza kwanza. Mchungaji na mkewe kuhudumiwa melini kama wafalme, jambo hili ushirika utalipokeaje? Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyetutoa wasiwasi. Alisema, "Mchungaji, kama meli hiyo yapita alikopita Paulo, nendeni, mkirudi mtuambie kulikuwaje." Basi leo twalipa deni hilo.

Tulipanda meli Piraeus, ambayo ni bandari ya Athene. Ilikuwa na abiria zaidi ya 2,000, na ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la mjini kwetu. Kabla kamba hazijafunguliwa, king'ora kililia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu, na kila abiria akatakiwa kwenda mahali pake, chini ya mashua ya kuokolea aliyoandikiwa. Yetu ilikuwa nambari 9. Hapo tulimkuta kijana mwembamba, Mwafrika, amevaa kizibao cha rangi kali, ana orodha mkononi. Alituita kwa majina, tukajibu. Aliposikia tukisemezana akatabasamu. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Marahaba! Alikuwa mtoto wa Likoni, ng'ambo ya feri. Kazi yake ni kusafisha vyumba na kutandika vitanda, na chumba chetu kilikuwa katika zamu yake. Alikuwa katika mwezi wa saba wa mkataba wa miezi tisa, naye hufanya kazi kila siku ya juma.

Kwa nini zoezi hili lafanywa kabla ya kuondoka? Zamani sheria za bahari ziliruhusu lingoje hata saa 24 baada ya kusafiri. Mnamo tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Wengi walikuwa wamepanda jioni ile ile na hawakuwa wamefundishwa waende wapi. Walikufa 32. Nahodha aliondoka melini watu wakali ndani, na mwaka wa 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 16. Maiti ya mwisho ilipatikana mwaka wa 2014, wakati chombo kilipokuwa kikikatwakatwa, nayo ilikuwa ya mhudumu kutoka India. Tangu mwaka wa 2015 sheria yataka zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu iondokapo.

Asubuhi tulifika Uturuki, katika mji wa Kusadasi, ili tuone Efeso. Hapa tulishangaa. Efeso ulikuwa mji wa bandari, na meli za pande zote zilitia nanga pale. Leo bahari haionekani. Mto ulileta tope mwaka hata mwaka, watu wakachimba, tope likarudi, na mwishowe bandari ikazibwa kabisa. Bahari sasa iko mbali, kilometa kadhaa. Tulisimama juu katika ukumbi ule mkubwa wenye nafasi ya watu wapata 25,000, mahali mafundi wa fedha walipofanya ghasia, tukatazama chini ile barabara ya marumaru iliyokuwa ikishuka bandarini. Inashuka, inashuka, halafu inaishia katika matete. Mmoja wetu aliketi juu ya jiwe akasema kwamba hata bandari hufa. Hatukuwa na muda wa kulifikiri zaidi, kwa kuwa basi lilikuwa likipiga honi.

Ndivyo zilivyo safari hizi, tuseme kweli. Mahali ambapo Paulo alikaa miaka zaidi ya miwili, sisi tulipewa saa tatu, pamoja na nafasi ya kununua mazulia. Rodo tulipita upesi zaidi. Tuliona kuta za ngome, tukala samaki, tukarudi.

Krete tulikuwa na hamu ya kuona Bandari Nzuri, lakini meli kubwa haziendi huko. Zatua Heraklion upande wa kaskazini, na Bandari Nzuri iko kusini, nyuma ya milima. Ni ghuba ndogo iliyo wazi, haifai kukaa wakati wa baridi, na hilo ndilo lililokuwa tatizo la wale waliokuwa na Paulo. Merikebu yao ilikuwa imetoka Iskanderia, imebeba ngano ya Misri kwenda kuwalisha watu wa Rumi, na wakati mzuri ulikuwa umepita. Wazee wa Lamu na Mombasa wataelewa jambo hili mara moja: kuna msimu wa kutweka tanga, na kuna msimu wa kuvuta jahazi pwani. Paulo aliwaonya. Lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko mfungwa, nasi kwa kweli hatumlaumu sana. Nani kati yetu angemwacha fundi wa kazi akamsikiliza mfungwa?

Kutoka Krete hadi Malta, ambayo Biblia yetu huiita Melita, ni mausiku mawili na mchana mmoja kwa meli ya sasa. Wao walichukua siku kumi na nne katika tufani, pasipo jua wala nyota. Siku yetu ya baharini upepo uliamka kidogo, na mmoja wetu, hatutasema nani, akashindwa kuinuka kitandani. Basi mwingine akafungua Biblia akawa anasoma kwa sauti. Wakati huo huo kijana wetu alibisha hodi, amekuja kubadili mataulo. Na hapa yatupasa kuungama jambo. Jana yake tulikuwa tumemnung'unikia kwa ajili ya taulo moja lililosahauliwa, kwa sauti ambayo nyumbani hatungeitumia mbele ya wageni. Sisi, tuliokuwa na wasiwasi wa kuhudumiwa kama wafalme, siku ya nne tulikuwa tumekwisha kuzoea.

Tulimwambia aketi kidogo. Alikataa kuketi, lakini alisimama mlangoni akisikiliza. Tulikuwa tumefika pale mabaharia wanapopima kina, wakapata pima 20, kisha 15, wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne za tezi na kuomba kuche. Kisha wakaishusha mashua, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo.

Kijana akacheka. "Hapo mzee, hao walikuwa wanatoroka."

Tukamwuliza amejuaje. Akasema kwamba usiku, karibu na miamba, mtu hahitaji mashua kwa kazi ile, ila akiwa na haja ya kuondoka. Tumehubiri juu ya sura hii mara nyingi, ndugu msikilizaji, na siku zote tulikuwa tukipita hapo mbio ili tufike kwa nyoka. Paulo alilitambua jambo hilo mara moja. Aliwaambia askari kwamba wale wakiondoka, wengine hawataokoka, na askari wakakata kamba, mashua ikaenda na maji. Fikirini jambo hilo. Chombo kidogo pekee walichokuwa nacho kilitupwa, ili wenye ujuzi wabaki na wasio na ujuzi.

"Na wewe," tukamwuliza, "king'ora kikilia kweli, wapanda saa ngapi?"

"Mimi nahesabu," alisema. "Watu wa nambari 9 wakiisha kupanda wote, nampa afisa jina la asiyekuwapo. Mashua ikiisha kushuka, naenda kungoja zamu yetu." Akaokota mataulo ya jana akaenda chumba cha pili. Alisema hayo kama mtu anayeeleza mahali pa kuweka ufagio.

Tukamaliza sura ile kwa sauti ya chini. Luka, ambaye alikuwamo, anatoa hesabu kamili: watu 276. Si wengi, si wapata mia tatu. Wafungwa wamo, askari wamo, mwenye ngano yumo. Kabla ya mapambazuko Paulo aliwasihi wote wale, akamega mkate mbele yao. Askari walitaka kuwaua wafungwa wasije wakaogelea na kutoroka, akida akazuia. Wenye kujua kuogelea wakajitupa kwanza, waliosalia wakashika mbao, na hesabu ufuoni ikawa ile ile.

Malta ni kisiwa cha mawe ya rangi ya asali. Tulifika alfajiri katika Bandari Kuu ya Valletta, na kuta zile zikitazamwa kutoka baharini jua linapochomoza zapendeza kupita tunavyoweza kusema. Baadaye tulipelekwa kwenye ghuba iitwayo kwa jina la Paulo. Maji yalikuwa matulivu, watoto wakiogelea. Wenyeji wa huko waliwawashia wageni moto kwa ajili ya mvua na baridi, bila kuuliza kwanza nani ni mfungwa. Tulikumbuka pia kwamba tangu mwaka wa 2014 watu zaidi ya 25,000 wamekufa au kupotea katika bahari hiyo hiyo wakijaribu kuvuka kwenda Ulaya, katika mashua zisizofaa, wengi wao wakiwa Waafrika. Wengi wa hao hakuna aliyekuwa ameshika orodha ya majina yao.

Mwisho wa safari ulikuwa Napoli. Karibu na hapo ni Pozzuoli, ndiyo Puteoli, ambapo Paulo alikaa siku saba na ndugu. Nchi ya pale hupanda na kushuka kwa sababu ya moto ulio chini. Nguzo za soko la kale zina matundu yaliyotobolewa na wadudu wa baharini, kwa kuwa ziliwahi kuzama na kuinuka tena. Tuliagana na kijana wetu hapo Napoli. Tulimwomba radhi kwa habari ya taulo. Alisema amekwisha kusahau.

Nyumbani tulivuka feri kwenda Likoni kumpelekea mama yake shali aliyomnunulia Valletta. Kijana ametupa ruhusa kuyasema haya, mradi tusimtaje jina wala meli yake. Mama alituandalia chai na mahamri. Aliuliza kama mtoto anakula vizuri, kama Jumapili anapata hata nusu saa ya kusali. Tulimweleza alivyosimama na orodha akituita kwa majina, naye alifurahi sana. Kisha akaweka kikombe chini.

"Na yeye, Mchungaji, anapanda lini?"

Tulitazamana. "Baada yetu, mama."

Hakujibu neno. Aliinuka akaleta birika, akatumiminia tena, ingawa vikombe vilikuwa havijaisha. Baadaye alituomba tuombe, tukaomba pale pale mezani, yeye akimtaja mwanawe, nasi tukiwataja wenzake: wa dobi, wa jikoni, na wale wa injini ambao hatukuwaona hata siku moja.

Amebakiza majuma sita. Wasikilizaji, leo ni Jumamosi. Jioni kama hii meli ile hutoka Piraeus na abiria wapya, naye husimama chini ya mashua nambari 9, orodha mkononi, akianza kuita majina.