Kibao Kilichogeuka: Upepo na Alama za Barabarani Tarime na Serengeti

Mada niliyopewa inataja upepo wa kimbunga. Naomba nianze kwa kuipunguza. Kimbunga kamili, chenye upepo wa kilomita 119 kwa saa au zaidi, huzaliwa baharini na hutegemea mzunguko wa dunia kukisokota. Karibu na ikweta msokoto huo ni hafifu mno, na Tarime iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Vimbunga vya Tanzania ni habari ya pwani: Unguja mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Hidaya kilichotua Mafia Mei 2024. Anayesimika kibao Sirari, mpakani na Kenya, hana sababu ya kumwogopa Hidaya.

Lakini tusishangilie mapema. Mchana, upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuelekea nchi kavu na kukutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda za Tarime na za majirani zetu wa Kisii. Hewa yenye unyevu hupanda, wingu hujengeka, na alasiri hushuka mvua, mara nyingine na mawe. Mvua ile huipoza hewa inayoipitia. Hewa ikipoa huwa nzito, huporomoka, na ikifika chini husambaa kwa kishindo. Wenye mashamba ya migomba wanaujua upepo huo kuliko sisi wa maofisini. Hudumu dakika chache na hupiga ukanda wa kilomita chache, kwa hiyo kipimaupepo cha Musoma, ukingoni mwa ziwa, hakiwezi kuuona uliopiga Nyamwaga, huku Tarime. Ndiyo maana siridhiki ninapoambiwa kwamba upepo wetu ni mdogo kwa sababu rekodi za kituo zimesema hivyo. Dhoruba kali za aina hii zinaweza kufikia mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, na huo ndio upepo ninaoupigia hesabu.

Tuchukue kibao cha mita moja ya mraba, katikati yake pakiwa mita 2.5 kutoka ardhini. Tarime mjini tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na hilo linatupunguzia takriban asilimia 14 ya mzigo ambao upepo wa kasi hiyohiyo ungeuleta Mafia. Hata hivyo kibao kitasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 58 hivi, na shina la bomba litabeba mpindo wa nyutoni-mita 1,430. Bomba la chuma cha kawaida, kipenyo milimita 60 na unene wa ukuta milimita 2, huanza kupinda kwenye 1,200. Lenye ukuta wa milimita 3.2 hufika 1,800. Kwa macho, mabomba hayo ni mapacha. Na kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne, kwa hiyo hapa makadirio ya huruma hayasaidii.

Kuna wanaopendekeza kibao kitobolewe matundu ili upepo upite. Matundu machache hayapunguzi chochote cha maana, na yakiwa mengi ya kutosha hakuna kitakachosomeka.

Ila mimi siogopi sana kibao kilichopinda. Dereva akikiona anajua kimeharibika. Ninachokiogopa ni kibao kilichogeuka. Upepo haukandamizi uso wote sawasawa: upande mmoja ukielemewa, kibao huzunguka kwenye bomba la duara ikiwa boliti zimelegea, au bomba lenyewe huzunguka ndani ya zege. Malori yanayoelekea mpakani huisaidia kazi hiyo kila siku, kwani kila linalopita kwa kasi hukisukuma kibao na kukivuta, na nati inalegea kidogo kidogo. Kisha inakuja dhoruba moja. Asubuhi kibao kimesimama wima, kinang'aa, na kinadanganya. Alama ya kusimama iliyokuwa ikimtazama anayetoka barabara ya pembeni sasa inamtazama wa barabara kuu. Yule wa pembeni anaona ukingo mwembamba tu, na anaingia.

Dawa yake ni rahisi, na inaniudhi kwamba haitumiki kila mahali. Kabla ya kumwaga zege, chomelea kipande cha nondo kikatize mguu wa bomba, ili lisiweze kuzunguka. Juu, kibao kishikwe kwa boliti zinazopenya bomba badala ya kulikumbatia tu. Kibao kikubwa kipewe miguu miwili. Uso wa zege uwe na mteremko kidogo ili maji yasituame shinani, maana kutu huanza kula hapohapo ambapo mpindo ni mkubwa kuliko kwingine kote.

Msingi wenyewe hauwezi kuwa mmoja kwa wilaya zote mbili, Tarime na Serengeti. Katika sehemu nyingi za Tarime fundi hukutana na mwamba mapema, akaridhika na shimo la kina cha mkono. Pale ni heri kutoboa mwamba na kupandikiza nondo kwa saruji. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, upande wa Serengeti, tatizo ni la wakati. Kiangazi udongo husinyaa na kupasuka, ukauachia msingi nafasi pembeni. Mvua za kwanza zinakuja na upepo wake kabla nyufa hazijajifunga. Hapo shimo lishuke chini ya nyufa. Na sijamtaja tembo, ambaye hujikuna kwenye chochote kilichosimama.

Mtaniuliza kwa nini tusitumie nguzo nene ya zege, isiyopindwa na upepo wala kuuzwa kama chuma chakavu. Wizi ni kweli, na wakala wa barabara, TANROADS, wameulalamikia mara nyingi. Lakini nguzo isiyoshindwa na upepo haishindwi na gari pia. Marekani hutumia miguu yenye boliti zinazoachia gari likigonga, huku zikihimili upepo. Mfumo huo unamwokoa aliye ndani ya gari. Wa bodaboda haumwokoi, kwa sababu mwili wake ndio unaogonga. Kwa barabara zilizojaa pikipiki kama zetu, ningeweka bomba la chuma, nikalisogeza mbali na lami kadiri kibao kinavyoendelea kusomeka, na nikaziharibu nyuzi za boliti baada ya kukaza ili nati isifunguke kirahisi.

Kwa wenzetu wa TANROADS, na wa TARURA wanaosimamia barabara za vijijini na mijini, nina maombi mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, kila mguu upigwe mstari wa rangi unaotoka kwenye bomba mpaka kwenye zege, na mwingine kutoka kwenye kibao mpaka kwenye bomba. Mistari ikiachana, mwanafunzi anayepita anaweza kutoa taarifa bila kipimo chochote. La pili, mkataba utaje unene wa ukuta wa bomba, si kipenyo peke yake, na unene huo upimwe ghalani mbele ya mkandarasi. Likishazikwa na kupakwa rangi, ile milimita moja haonekani anayeidai.