Mlango wa Zamani Usizibwe

Kila kompyuta ina kiini, yaani programu ya msingi inayosimamia mitambo yake. Programu nyingine zote, ziwe za mishahara, za benki au za hospitali, hubisha hodi kwenye kiini kuomba huduma, na kila huduma ina namba yake. Ukibadili maana ya namba hiyo, programu iliyofanya kazi jana leo itakwama. Atakayeumia ni karani asiyejua kilichotokea.

Ndiyo maana Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, ameshikilia kanuni moja: mabadiliko ya kiini yasivunje programu za watumiaji.

Je, huko si kuzuia maendeleo? Hapana. Tazama suala la saa. Kompyuta za biti 32 zilizotumia Linux zilihesabu sekunde kuanzia mwaka 1970, na hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Toleo la 5.1, la mwaka 2019, liliongeza huduma mpya za saa, zenye namba mpya na nafasi kubwa zaidi. Za zamani ziliachwa mahali pake, ili wenye programu kuukuu wapate muda wa kuhama.

Gharama ipo. Watunzaji wa kiini hubeba mzigo wa huduma za zamani kwa miaka mingi. Lakini ni afadhali waubebe wachache wenye ujuzi kuliko kuwatwisha mamilioni wasio nao.

Anayejenga njia mpya na awakumbuke walio safarini.